Kauli ya Wenyeji: Karne za Kupanga Miti, Maji na Ardhi Pwani ya Kilwa

Masimulizi ya kale ya Kilwa Kisiwani huanza na mapatano. Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi, alitia nanga kisiwani akamkuta mkuu wa mahali pale. Akaomba kukaa. Mkuu akakubali kumwachia kisiwa kwa bei ya nguo, tena nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Nguo zikatandazwa, mkuu akazitwaa, akahamia bara. Lakini zama hizo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara hadi kisiwani, na mkuu yule, alipojutia biashara yake, akanuia kurudi na watu wake wakati wa maji kupwa aitwae nchi yake kwa nguvu. Wageni wakamtangulia. Waliuchimba mlango wa maji ukawa na kina, na jeshi likabaki ng'ambo likitazama.

Wanaakiolojia hawaichukui hadithi hii kama ilivyo. Uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick tangu miaka ya 1950, pamoja na utafiti uliofuata, umeonyesha kwamba watu waliishi kisiwani tangu karne ya 9 hivi, na kwamba mji ulikua taratibu mikononi mwa watu wa pwani hii hii, wakichanganyika na waliokuja na pepo za msimu. Hata hivyo waliotunga na kurithishana simulizi hiyo walikuwa na la kusema: ardhi ina wenyewe, njia ya maji ikibadilishwa maisha ya watu hubadilika, na mapatano yanayomwacha mmoja na kinyongo huzaa vita.

Leo maofisa wa halmashauri huliita jambo hili, la kuwauliza wenye ardhi kabla ya kuipanga, ushirikishwaji wa wananchi, na hulitaja kila panapopangwa ukanda wa kijani, hifadhi ya mikoko, ukuta wa bahari au barabara. Wengi hudhani limeletwa na wafadhili na sheria za juzi. Katika pwani ya Kilwa na Lindi ni jambo la karne nyingi, na limewahi kugharimu maisha ya watu wengi mno.

Mji wa bustani na visima

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akauhesabu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali linaloitazama bahari, lenye bwawa la pembe nane ambalo mpaka leo mgeni hulitambua mara moja.

Miaka 174 baadaye, Julai 1505, merikebu za Francisco de Almeida ziliingia bandarini na Wareno wakauteka mji. Habari zilizoandikwa na waliokuwamo katika msafara huo zinataja zaidi ya misikiti na nyumba za mawe. Zinataja bustani: michungwa, midimu, vitunguu na mirehani, vyote vikimwagiliwa maji ya visima, zinataja pia asali na mizinga iliyotundikwa mitini. Huo ulikuwa mji wa kijani. Kisiwa hakina mto, kwa hiyo kila bustani ilitegemea kisima, na kila kisima kilihitaji watu wa kukichimba, kukisafisha na kuelewana nani ateke na lini.

Mji uliitegemea mikoko pia. Mapaa ya nyumba za mawe yalikuwa mazito, ya matumbawe na chokaa, yakibebwa na boriti. Boriti ya mkoko haiwi ndefu kupita kiasi, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Mchora ramani wa kwanza wa mji wa Kiswahili, basi, alikuwa mkoko. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, nchi ambazo miti ya kujengea ilikuwa haba. Wavuvi na mafundi walijua kila mti na kazi yake: mkoko na msinzi kwa boriti na nguzo, mkandaa kwa fito na kwa magome ya kutia rangi, mlilana kwa mataruma ya vyombo. Mchu, unaovumilia chumvi kuliko wenzake, ulipatikana hata pale ambapo mingine haikuota. Maarifa hayo hayakuandikwa katika sheria yoyote. Yalikaa kwa watu waliokwenda mikokoni kila siku.

Amri kutoka Kivinje

Katika karne ya 19 nguvu ilihama kutoka Kisiwani hadi Kilwa Kivinje, bandari iliyonona kwa biashara ya pembe na watumwa waliofikishwa kwa miguu kutoka bara. Wajerumani walipoitwaa pwani, waliifanya Kivinje kuwa makao yao ya wilaya. Mwaka 1895 walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, na mti unaokumbukwa kwa kunyongewa wapinzani wa ukoloni unaitwa hadi leo Mwembe Kinyonga. Mwembe ni mti wa kivuli, mti wa kukutania na kuzungumza. Watawala wapya waliufanya mahali pa kunyamazishia watu.

Kisha zikafuata amri za ardhi na miti. Mwaka 1898 mikoko ya delta ya Rufiji, kaskazini tu mwa Kilwa, iliwekwa chini ya serikali kama hifadhi, kwa kuwa mbao na magome yake yalikuwa na soko. Mwaka 1904 ikatoka sheria ya misitu iliyotanua hifadhi hizo hadi bara. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameeleza kwa urefu jinsi wakazi walivyozuiwa kulima, kuwinda na kukata miti katika misitu waliyoizoea, na jinsi jambo hilo lilivyochangia hasira iliyokuja kulipuka. Tangu 1902 mashamba ya pamoja ya pamba yalikuwa yamelazimishwa vijijini chini ya maakida na majumbe. Mtu aliacha shamba lake la mtama au mpunga msimu wa kazi akaenda kulima pamba ambayo hakuiomba, mahali ambapo hakupachagua, kwa ujira usiomfaa au bila ujira, na viboko juu yake.

Hapakuwa na baraza la kuwasilisha malalamiko. Akida alikuwa sikio la serikali, na ndiye aliyeshika kiboko. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wazee wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Jibu la wananchi kwa mpango wa matumizi ya ardhi lilitolewa hivyo, kwa miche iliyong'olewa, kwa kuwa njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa. Wamatumbi walimfukuza akida wa Kibata, wakashuka pwani wakaushambulia mji mdogo wa biashara wa Somanga. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya dawa yaliyowaunganisha watu wa makabila mengi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita havikufa naye. Vilienea kusini kote hadi 1907, na vikafuatwa na njaa iliyosababishwa na askari waliochoma mazao makusudi. Kwa hesabu ya Wajerumani walikufa watu 75,000. Mtafiti Gilbert Gwassa aliyekusanya masimulizi ya wazee alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Pamba haikuwa sababu pekee ya vita hivyo vya Maji Maji. Kulikuwa na kodi, dharau na ukatili mwingi. Lakini vita hivyo vilianzia shambani, kwenye mpango ulioandaliwa na watu wasioishi pale, na hilo halistahili kusahauliwa na yeyote anayekaa leo mezani na ramani ya Kilwa mbele yake.

Mikoko chini ya sheria, wakazi nje ya sheria

Waingereza walipochukua nchi waliendeleza utaratibu wa hifadhi, na serikali ya uhuru ikaurithi. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu ya taifa. Kwa makadirio ya miaka ya 1990 ilikuwa hekta zipatazo 115,000, zaidi ya hekta 50,000 zikiwa Rufiji, na Kilwa ikishika nafasi ya pili kwa takriban hekta 22,000. Kisheria, basi, mwanakijiji anayezaliwa na kuzikwa kando ya mkondo wa mikoko anahitaji kibali ili kukata nguzo ya nyumba yake.

Ukataji ulipozidi, serikali iliupiga marufuku mwaka 1987. Marufuku ilileta tatizo jingine. Soko la boriti lilikuwa bado lipo, na mahitaji ya kuni za kuchemshia chumvi katika pwani ya Lindi yalikuwa bado yapo, ila sasa kila aliyekata alikata kwa kificho. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko, ulioandaliwa chini ya Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uliigawa mikoko katika kanda nne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa utaratibu, ya kuachwa ipone, na ya shughuli nyingine za maendeleo. Ubora wa mpango huo ulikuwa kukiri kwamba mikoko ina wakazi, na kwamba bila wao hakuna askari wa misitu anayetosha kulinda mikondo yote kutoka Tanga hadi Ruvuma.

Kipimo kikubwa cha kauli ya wananchi kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, tena pale pale Rufiji. Kampuni ya African Fishing Company iliomba kufuga kamba katika delta, katika eneo la maelfu ya hekta. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe kwa sababu ya madhara yake kwa mikoko, maji na wakazi. Novemba 1997 serikali iliuidhinisha. Wakazi wa vijiji vya delta wakakataa kukaa kimya: wakiungwa mkono na wanasheria wa mazingira wa LEAT na waandishi wa habari za mazingira, walifungua kesi Mahakama Kuu. Mradi haukutekelezwa. Zaidi ya miaka 90 baada ya Nandete, watu wa ukanda huo walikuwa wamepata njia ya kusema hapana bila kung'oa mche wala kumwaga damu. Miaka michache baadaye, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliifanya tathmini ya athari kuwa sharti kwa miradi mikubwa, na maoni ya umma kuwa sehemu ya tathmini hiyo.

Ukuta, mikoko na magofu

Mwaka huo huo wa 2004, Kilwa Kisiwani ilipata habari mbaya. Magofu yake na ya Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yakiula ufuo mbele ya ngome ya Gereza na karibu na Msikiti wa Malindi, mvua ikichimba makorongo katikati ya kuta, na mizizi ikipasua chokaa. Mikoko iliyovunja nguvu ya mawimbi ilikuwa imepungua. Hapakuwa na mpango kamili wa usimamizi wala mipaka inayoeleweka kati ya hifadhi na kijiji.

Mipaka ndiyo iliyokuwa ngumu. Kisiwani hakuna magofu upande mmoja na watu upande mwingine. Watu hulima kati ya magofu, mbuzi hula majani ya magofu, na wavuvi huegesha ngalawa mbele ya Gereza. Mpango wowote wa kulinda mawe bila kuwauliza wenye mbuzi na ngalawa ungeshindwa katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo kazi iliyofuata, chini ya Idara ya Mambo ya Kale na kwa msaada wa Ufaransa, Japani, Marekani na World Monuments Fund, ilikwenda pamoja na kijiji. Wakazi walifunzwa kuchoma chokaa na kujenga kwa njia za zamani, kuta za kuzuia bahari zikainuliwa, na mikoko ikapandwa ufuoni. Juni 2014, katika kikao cha Doha, magofu yaliondolewa katika orodha ya hatari.

Miaka kumi ni muda mrefu kwa mfadhili anayedai ripoti kila robo mwaka. Kwa mkoko ni muda wa kawaida. Mche uliopandwa na mtu aliyeambiwa tu apande, bila kuelewa wala kukubali, huliwa na mbuzi au hung'olewa na nanga. Ule uliopandwa mahali palipochaguliwa na wavuvi wenyewe, wanaojua maji yanapoingia na vyombo vinapopita, una nafasi ya kuishi.

Mkutano wa Kikole

Bara kidogo kutoka pwani hiyo, katika wilaya ile ile ya Kilwa, kijiji cha Kikole kilionyesha kauli ya wenyeji inaweza kufika wapi sheria ikiipa nguvu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuuwekea mipaka na sheria ndogo, na kubaki na mapato yake. Uamuzi unatoka katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Kwa msaada wa shirika la Mpingo, linalofanya kazi Kilwa, Kikole na jirani yake Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu kwa misitu yao. Vilikuwa vijiji vya kwanza Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili unaomilikiwa na jamii.

Kabla ya hapo, gogo la mpingo liliondoka Kilwa na mwanakijiji akaambulia vumbi la lori. Sasa bei, idadi ya miti ya kukatwa na matumizi ya fedha hujadiliwa mkutanoni. Huko ndiko mtu husimama akauliza kwa nini kisima hakijachimbwa, na kamati ya maliasili hulazimika kumjibu mbele ya jirani zake.

Maji yanapojibu

Mipango ya pwani hii haijamalizika, na bahari na mito haisubiri. Januari 2020 mafuriko katika mabonde ya Kilwa yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, lakini katika mji wa Lindi au Kilwa Masoko meta 60 zinapita juu ya diko la samaki, kibanda cha kukaangia, shamba la chumvi na njia ya kwenda msikitini. Mchora ramani akizikata kwa mkasi mmoja, watu watarudi usiku. Akikaa na wavuvi, wakaanga samaki na wenye chumvi, wataonyeshana mahali pa kuachia mikoko, mahali pa kupitisha mfereji na mahali pa kuhamishia kibanda bila kuua riziki.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inazitaka mamlaka kuwaita wadau na kuwasikiliza kabla mpango wa mji haujapitishwa. Mara nyingi sharti hilo hutimizwa kwa haraka: tangazo hubandikwa ubaoni Jumatano, mkutano huitishwa Alhamisi saa nne asubuhi, wavuvi wakiwa baharini na akina mama wakiwa sokoni, kisha mahudhurio husainiwa. Hiyo ni karatasi ya kufunika uamuzi uliokwisha kufanywa. Kuwasikiliza watu kuna sehemu tatu: kuwauliza mapema, kuwauliza katika saa wanayoweza kufika, na kuwarudishia majibu, lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Sehemu ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayojenga imani.

Historia ya pwani hii imetoa hukumu yake. Amri ya pamba ilianguka. Marufuku ya 1987 peke yake haikuzuia shoka. Mradi wa kamba uliowapuuza wana-delta haukusimama. Ufuo wa Kisiwani na msitu wa Kikole vilipata nafuu pale wenyeji walipokuwa sehemu ya uamuzi tangu mwanzo. Kwa madiwani na maofisa mipango wa Kilwa na Lindi: pelekeni ramani vijijini na mitaani kabla wino haujakauka. Na kwako msomaji wa pwani hii: mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa ukiitishwa, nenda, uliza, na hakikisha kauli yako imeandikwa katika muhtasari. Wazee wa Nandete hawakuwa na mkutano wa kwenda. Wewe unao, kwa mujibu wa sheria.